Upande wa Pili Ni Jalala

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Mjane wa fundi redio ametuita dukani kwa marehemu. Tumebaki watatu tu katika kikundi cha kusikiliza santuri: mimi, mwalimu wa hesabu, na shemeji yangu fundi cherehani, kaka wa mke wangu. Mama wa watu anarudisha funguo za duka mwisho wa mwezi. Redio mbovu zimeshaondoka. Imebaki mashine ya santuri, ile ile tuliyoizunguka kila Jumamosi alasiri kwa miaka kumi na sita. Kasha la mbao, sindano laini, na sauti inayomleta mpiga besi ukadhani umempakata. Haiuzi. Anataka aichukue msikilizaji.

Masharti: Jumamosi kila mmoja alete albamu moja anayoifurahia siku hizi, ndani ya bahasha ya kaki isiyo na jina. Atazichanganya mwenyewe. Atapiga upande wa pili tu. Sisi tutasema tulichosikia bila kujua ni ya nani, kisha ataamua. Marehemu, anasema, aliamini kwamba wanamuziki huweka upande wa kwanza wanachouza na wa pili wanachopenda.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba marehemu, Mungu amrehemu, alikosea. Nimeshaandika barua nne kwa mhariri kuhusu jambo hili, mbili zikachapishwa. Upande wa pili ni jalala! Ndipo bendi zinapotupa mabaki. Mwalimu akataka kujua nimesikiliza pande za pili ngapi maishani mwangu. Nikamjibu kwamba mtu haingii jalalani kuhesabu maganda.

Shemeji alikuwa akininyofoa uzi kwenye pindo la suruali. Unyenyekevu wa kuudhi.

Mashine ile ni yangu. Haijui tu.

Jumanne, 5 Agosti

Kuchagua albamu hakukunichukua dakika moja. Ni ile ile ya miaka ishirini na miwili. Wimbo wa kwanza unaanza na gitaa peke yake, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Besi inamfungulia. Kisha sauti ya yule bwana, nzito, haina haraka, kama mtu anayejua kwamba chakula hakitaliwa bila yeye. Na wimbo wa tatu! Pale anaponyamaza mstari mzima na bendi nzima ikamngoja! Nani leo ana ujasiri wa kunyamaza? Nimesikiliza tena jioni hii, nywele zikanisimama, hizi chache zilizobaki.

Ukiisha upande wa kwanza, nanyanyua sindano na kuanza upya. Siku zote. Upande wa pili sijaugusa hata mara moja. Unang'aa kama siku ulipotoka kiwandani, isipokuwa leo nimeona alama ya kidole. Watoto hawa!

Ningeweza kuusikiliza ili nijiandae kwa Jumamosi. Sitaki. Mwenye msimamo hachungulii.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango umekamilika. Mwalimu simwogopi, ataleta ngoma tupu, anapenda kuhesabu mapigo. Adui ni shemeji. Nikijua analeta nini, nitaitambua ikipigwa, na nitaichana vipande mbele ya mjane. Nimempa mke wangu suruali yangu ya kijivu ampelekee kaka yake aipunguze, huku masikio yakiwa wazi. Akasema mume wangu, yule ni ndugu yangu, si serikali ya nchi jirani. Akaenda hata hivyo.

Amerudi na taarifa. Alipoifuata alasiri kamkuta shemeji amesimamisha cherehani, kafumba macho, suruali yangu iko mapajani, na kile kimashine chake cha mkoba kinapiga akodiani na sauti za wanawake. Hakumsikia hata alipobisha.

Akodiani! Nilirukaruka sebuleni.

Suruali imerudi mguu mmoja umepunguzwa, mwingine bado. Mke wangu anasema wimbo ulimkuta katikati ya kazi. Mimi naiita hujuma.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku nzima masjala nimeandika hotuba dhidi ya akodiani nyuma ya majalada ya zamani. Kurasa sita! Bosi akaulizia faili lake. Nikamwambia linashughulikiwa. Sentensi ninayoipenda kuliko zote: "Akodiani ni mapafu yasiyo na moyo." Nyingine: "Ni chombo kinachohema kwa niaba ya bendi iliyochoka." Sijui hata nazitoa wapi.

Nimeisoma mbele ya kioo. Mke wangu akauliza kama kuna mahali popote humo nimesifu kitu. Nikamwambia sifa zipo, nimeziweka akiba kwa ajili ya albamu yangu mwenyewe. Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Tulikaa kwenye viti vyetu vya kawaida. Rafu tupu, dirisha wazi, mashine juu ya meza. Nilivaa suruali ya kijivu makusudi, mguu mmoja mfupi, ili shemeji aone haya. Aliitazama akaniomba radhi, shem nisamehe, siku ile sikuwa duniani. Nikamkaushia.

Bahasha ya kwanza: ngoma tupu. Nilijua! Mwalimu akahesabu kwa vidole hadi mwisho, uso umemnawiri. Nikasema maneno mawili ya adabu.

Bahasha ya pili: akodiani. Halafu wanawake, waitikiaji watatu au wanne, bila mwimbaji wa mbele. Nikasimama kabla santuri haijaacha kuzunguka. Kurasa zote sita! Mapafu yasiyo na moyo. Bendi iliyochoka. Nikaongeza bila karatasi kwamba aliyeleta kitu hiki hana masikio, ana mashimo mawili ya kupitishia upepo. Mwalimu akainamisha kichwa. Mjane akanywa maji.

Shemeji akaomba aseme kidogo. Alisema wale wanawake upande wa kwanza huitikia tu, wanamwitikia bwana mkubwa. Huku nyuma yeye kanyamaza, wanaimba wao. Unasikia kabisa kwamba walikuwa na nyimbo zao siku zote, wakingoja. Alisema alipousikia aliacha kazi ya watu. Akakaa. Hivyo tu! Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, nikajizuia haraka.

Bahasha ya tatu, basi, ni yangu. Hesabu ndogo! Nikafumba macho. Gitaa mbili zinaongea chini chini kama wazazi chumba cha pili. Kisha sauti ya mwanaume. Nikaona imeshuka kidogo kuliko nilivyoizoea, nikajiambia huo ndio ukomavu. Na jinsi alivyoimba! Kama mtu anayekunja nguo za aliyesafiri. Machozi yalinitoka, sifichi. Nikasimama mara ya pili, nikasema aliyeleta albamu hii ndiye msikilizaji pekee chumbani humu, kwamba masikio yake ni amana ya taifa, kwamba mashine ikienda kwa mwingine itakuwa dhuluma. Nilinyoosha hata mkono kuelekea mashine.

Mjane akafungua bahasha.

Ya tatu: ya shemeji.

Ya pili: yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Sijatoka chumbani ila kwa chakula.

Nimemshtaki mke wangu kwa upelelezi wa uongo. Amejibu bila kuacha kupiga pasi. Kaka yake alikuwa ameazima albamu yangu. Kwa miaka yote kanisikia nikiutukuza upande wa kwanza, akataka kujua wa pili una nini, lakini kwangu akaogopa kuomba. Mke wangu alimwonyesha Jumatatu alipopita nyumbani, akaishikashika, na Jumatano akampelekea chini ya suruali na kurudi nayo vilevile. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema uliniuliza nimesikia nini, mheshimiwa, hukuniuliza santuri ya nani.

Alama ya kidole! Kumbe watoto nimewasingizia.

Mjane, kwa kumbukumbu, aliikabidhi mashine kwa shemeji. Alisema mmoja kasikiliza mpaka albamu ya anayemtukana. Shemeji akashukuru, akasema chumba chake cha kushonea kina vumbi la nyuzi, sindano haitadumu wiki. Akaomba mashine ikae kwa shem wake, yeye aje Jumamosi. Mjane akanitazama. Akakubali, kwa sharti moja: upande wa kupiga achague shemeji.

Iko hapa sebuleni. Nzuri ajabu. Shemeji aliibeba mwenyewe, kisha akapiga magoti akapima mguu mrefu wa suruali yangu kwa pini.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka alfajiri nikasikiliza upande wa pili wa albamu yangu. Mara tatu! Wale wanawake! Akodiani inawapisha, inarudi, inawabebea pumzi wakichoka. Ni mapafu yenye moyo. Hotuba yangu ilihitaji kusahihishwa neno moja tu, kwa hiyo kimsingi sikukosea. Kisha upande wa pili wa albamu ya shemeji, aliyoniachia pamoja na mashine. Nimelia tena, uji ukapoa.

Nimekwisha kuandika barua ya tano kwa mhariri. Kali kuliko zote. Nimewashukia wote wanaodharau upande wa pili, watu wavivu, wasio na adabu ya kugeuza santuri. Hoja kuu: ukweli wote uko nyuma. Upande wa kwanza ni jalala.

Nilimsomea mke wangu. Akauliza kama upande wa kwanza wa albamu ya kaka yake nimeshausikiliza.

Nikamjibu kwamba mtu haingii jalalani kuhesabu maganda.