Seva Yenye Jina la Mke Wangu

Jumanne, 12 Agosti 2025
Siku ya kumi na moja ya ndoa! Veronika amenifungia chapati ndani ya kanga yake. Nimeinusa kanga njia nzima mpaka Kihonda, kwenye kituo chetu cha redio. Redioni, bosi wetu Bi Hafidha kasema mfumo endeshi wa seva umezeeka mno, na seva hiyo ndiyo inayorusha kila wimbo na kila tangazo. Anataka mfumo mpya Alhamisi. Nikivuruga, seva anapewa fundi mwenzangu Salehe. Salehe akacheka: "Bwana harusi, akili bado iko Matombo ukweni." Wivu! Hana mke.

Jumatano, 13
Nimepata mbinu. Nitamaliza kabla ya kipindi cha salamu cha saa nne, na salamu ya kwanza itakuwa ya Veronika wangu. Mama mkwe kule Matombo ameshaita majirani wasikilize. Salehe kanishauri nitoe nakala ya kila kitu kwanza. Nikamwambia mapenzi hayana nakala. Akaitoa mwenyewe, kimyakimya. Mwoga.

Alhamisi, 14
Saa mbili na nusu, mfumo mpya umekubali! Ukauliza seva iitwe nani. Zamani iliitwa STUDIO, jina kavu kama mhogo wa jana. Nikaandika VERONIKA. Machozi yakanilenga.

Saa nne. Kimya. Kompyuta zote zilikuwa zinaitafuta STUDIO, na STUDIO haipo! Dakika thelathini na nane redio haikutoa hata kikohozi. Nilizima, nikawasha, nikasali. Mama mkwe akapiga simu: "Baba, tumekaa hapa na majirani. Ndiyo salamu yenyewe hii?" Nikasema shikamoo mama, nikakata.

Salehe ndiye aliyegundua. Akarudisha jina la zamani, wimbo ukatoka. Bi Hafidha hakufoka. Alinitazama kama sufuria iliyoungua, akampa Salehe ufunguo wa chumba cha seva.

Nyumbani nikakiri yote. Veronika alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza, kweli niliandika kwa herufi kubwa? Zote, nikasema. Akanipakulia tena.

Ijumaa, 15
Salehe kaniombea! Nimeachiwa kompyuta ya mapokezi, mfumo wake nao mzee. Sharti moja: nisiguse jina. Sawa, sikuligusa. Veronika aliponiletea chakula nilimkalisha aweke neno la siri la kuifungulia yeye mwenyewe, asimwambie mtu, hata mimi. Ndoa ni kuaminiana!

Jioni kapanda gari la Matombo, wiki nzima kwa mama yake. Simu kaisahau mezani. Hata kusahau kwake kunapendeza.