Kosa la Kengele ya Tano

Jumanne, 2 Juni

Mazoezi ya kupiga kengele kwenye mnara wa kanisa jioni. Tumepiga vibaya. Hakuna aliyesema hivyo, lakini nimesikia. Bi Thirkettle, kiongozi wetu, aliachia kamba yake, akatutazama mmoja mmoja, akasema kulikuwa na sehemu nzuri. Maana yake nyingine zote zilikuwa mbaya. Akaongeza kwamba muda bado upo. Maana yake hautoshi.

Hapa kijijini kwetu, Nether Cobley, hakuna mtu anayesema kitu ni kibaya. Daraja la mtoni lilipoanguka, baba alisema hali yake hairidhishi sana. Mtu asiyesoma vitabu anaweza kuzeeka hapa bila kujua majirani wanamwonaje. Mimi nasoma. Nasikia kisichosemwa.

Mashindano ya kengele kati ya minara ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mwaka jana tulikuwa wa mwisho. Mwaka juzi pia. Bi Thirkettle amesema ikitokea tena, pengine ingekuwa vyema tupumzike kidogo. Maana yake kikundi kinakufa.

Sitaki kife. Shuleni nakula peke yangu nyuma ya maktaba. Mnarani kuna watu watano ambao nikiingia husogea ili nipate pa kukaa.

Kwa hiyo nimefanya uchunguzi. Kengele sita, watu sita, kila mmoja na kamba yake. Zinatakiwa zilie kwa zamu, moja hadi sita, kwa nafasi zilizo sawa, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Moja, mbili, tatu, safi. Nne ni mimi. Kisha tano inakawia. Kila mara! Tano ni Mzee Denzil Garrod. Ana miaka sabini na minane na mikono inamtetemeka akishika kikombe.

Lazima mtu amwambie. Hakuna atakayemwambia. Nitafanya mimi, kwa upole wa kwetu.

Alhamisi, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Nimemwazimia Mzee Garrod kitabu kutoka maktaba, kuhusu furaha ya kulima maua baada ya kustaafu. Nilidhani atafumbuka macho.

Alinishukuru sana. Akanionyesha maua yake. Ni mazuri kuliko ya kwenye kitabu. Nimerudi nyumbani na mfuko wa maharage mabichi na bila mafanikio.

Mama anasema nisimsumbue. Anasema tangu mkewe afariki, mazoezi ya Jumanne ndiyo safari pekee inayomtoa nyumbani. Nimemjibu kwamba ndiyo maana natumia upole.

Jumapili, 7 Juni

Mpango wa pili. Umefaulu. Sijui kwa nini sikuweza kula chakula cha mchana.

Nilimkuta jikoni kwake. Nilikuwa nimekariri sentensi yangu njia nzima. Nilimwambia tungefaidika sana tukiwa na mtu mwenye sikio kama lake, akae nje siku ya mashindano, atusikilize.

Alielewa papo hapo. Watu wa hapa hawahitaji kuambiwa mara mbili. Hata mara moja ni nyingi. Alikuwa anapangusa kikombe. Akaendelea kukipangusa hata kilipokuwa kimeshakauka. Kisha akauliza kama Bi Thirkettle ndiye aliyesema.

Nilimjibu kwamba hakusema kwa maneno hayo. Ni kweli tupu. Hakusema kwa maneno yoyote.

Akasema, "Basi sawa, mwanangu. Ni vizuri kujua."

Akanipa tena maharage.

Jumanne, 9 Juni

Mzee Garrod hakuja. Ametuma ujumbe kwamba goti linamsumbua. Bi Thirkettle aliitazama kamba ya tano iliyoning'inia, akasema ni jambo la kusikitisha kidogo. Sijawahi kumsikia akitumia neno zito hivyo.

Nafasi yake amepewa Rupert, mpwa wa Bi Thirkettle, anayepiga kwenye mnara wa jirani. Anapiga kama saa ya ukutani. Hana subira hata chembe. Kila nikivuta, kengele yake inalia juu ya yangu, kana kwamba anataka kunikanyaga kisigino. Nilimtazama kwa ukali ili ajirekebishe. Akanitazama vilevile. Ana kiburi.

Bi Thirkettle alisema tutazoea. Sikupenda sauti yake.

Jumamosi, 13 Juni

Waamuzi walikaa ndani ya gari nyuma ya ukuta wa makaburi, wasikoweza kuona wala kuonwa, wasijue ni kikundi gani kinapiga. Utaratibu wa haki kabisa. Kengele haina sura.

Mzee Garrod alikuja. Alikaa kwenye benchi nje, kofia magotini, amevaa tai. Nilipita karibu yake nikiingia. Alinitakia heri.

Tukapiga. Rupert alinikanyaga mwanzo hadi mwisho. Kwenye ile ngazi yetu ya milio, mtu alikuwa anaporomoka kila baada ya hatua ya tatu. Nilipotoka nje, Mzee Garrod alikuwa amefumba macho. Nilidhani amesinzia, mpaka nikaona mikono yake. Ilikuwa inavuta kamba isiyokuwepo.

Chai ukumbini, na mikate yenye nyama ya nguruwe. Matokeo husomwa kuanzia chini. Jina la kwanza kusomwa lilikuwa letu.

Mwamuzi alisema tumepiga kwa moyo, na hali ya hewa haikutusaidia. Jua lilikuwa linawaka. Kisha akasema, "Kengele ya nne, nadhani, ilikuwa inafuata saa yake yenyewe."

Watu wote wa meza yetu wakaanza kuchunguza keki zao. Mimi peke yangu niliinua kichwa. Kengele sita, na yangu ndiyo pekee iliyotajwa. Hata nyuma ya ukuta, mtu mwenye sikio hutambua upigaji wenye tabia.

Lakini tumekuwa wa mwisho. Furaha yangu haikudumu hata kikombe kimoja. Bi Thirkettle alikunja kitambaa cha meza pole pole, akasema labda sasa tupumzike. Hakuna aliyebisha. Nililia chooni, kimyakimya, nikarudi kusaidia kuosha vyombo.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya ibada Bi Thirkettle alinisindikiza. Aliuliza nani alimwambia Denzil akae nje. Nilisema alielewa mwenyewe. Tukatembea hadi langoni kwetu. Hapo akawa mwekundu shingo nzima, na kusema jambo la wazi kuliko yote niliyowahi kusikia kijijini:

"Hester, mwanangu, Denzil alikuwa anakusubiri wewe. Alikuwa anaichelewesha yake ili pengo lisisikike. Miezi yote hiyo. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Akasema anaelekea kwa Denzil sasa hivi. Akaondoka haraka, kama mtu aliyevunja dirisha.

Naandika hapa nisisahau: hatimaye kiongozi wetu mwenyewe amekiri kwamba Mzee Garrod alikuwa anachelewa.

Jumanne, 16 Juni

Nilipanda mnarani kuchukua sweta langu, nikidhani nitakuta giza. Taa zilikuwa zinawaka. Mzee Garrod alikuwa ameshateremsha kamba zote sita na kupanga viti. Wengine wakafika mmoja mmoja, wakamkuta, wakaanza kuzungumzia mvua. Hakuna aliyethubutu kusema tumevunjika. Bi Thirkettle akavua koti, akasema kwa kuwa tumeshafika, basi.

Wakasogea. Nikakaa.

Tulipokuwa tunashika kamba, Mzee Garrod aliinama akaniambia, "Wewe vuta tu, mwanangu. Mimi nitakusubiri."

Ni heshima kubwa mzee kukubali kasoro yake mbele ya mtoto. Nimemsamehe kabisa.

Tukapiga. Hakukuwa na anayemkanyaga mwenziwe. Bi Thirkettle alisema si mbaya hata kidogo, na nilimwona akifuta macho kwa kamba. Tano sasa haina neno, tangu nilipoishughulikia.

Ila nimesikiliza kwa makini, na nimegundua tatizo la kweli. Ni kengele ya tatu. Bwana Pascoe, yule wa posta. Anaiwahisha mno, inalia kabla mimi sijawa tayari. Kesho nitampelekea kitabu.