Kahiga wa Chaka na Vita vya Kidonge

Sogezeni viti, enyi mlioketi mbali, na wewe mwenye redio izime, kwa maana habari ninayoileta si ya bei ya viazi wala ya nani atasimama ubunge. Naleta habari za vita. Naleta habari za Kahiga mwana wa Theuri, bwana wa nyundo na mkasi wa bati, mfua makarai, mziba sufuria, ambaye majiko yake yalichemsha chai kutoka Chaka hadi Naro Moru katika miaka ile ya sabini, na jinsi alivyosimama uso kwa uso na adui asiyezidi ukubwa wa punje ya mahindi. Ewe nyundo uliyemtumikia, nipe pumzi nisiruke neno.

Adui huyo alikuwa kidonge. Kilikuwa cheupe na kichungu, kilitoka hospitali ya mjini ndani ya bahasha ya khaki, na kilipaswa kuingia kila asubuhi kinywani mwa Wachuka, binti Kahiga, aliyeugua kifua kikuu na kulala wodini mpaka mama yake akawajua wauguzi wote kwa majina. Sasa alikuwa amerudi nyumbani, lakini kwa masharti. Sista Tryphosa Khavere, mwanamke mrefu aliyetoka pande za Kakamega, mlinzi wa mizani na mtawala wa sindano, alikuwa ametoa hukumu waziwazi.

"Baba Wachuka, nisikilize vizuri. Hii dawa ni ya kila siku, sio ya siku ile mnakumbuka. Mwezi wa pili ukiisha namuweka kwa mizani. Kama amepungua, anabaki hapa na mimi, na nyinyi mnarudi Chaka peke yenu."

Maneno hayo Kahiga aliyabeba mpaka nyumbani. Alikumbuka jinsi mtoto alivyong'ang'ania vyuma vya kitanda siku walipomwacha mara ya kwanza, na akaapa kwamba jambo lile halitatokea tena.

Lakini nani angemlazimisha Wachuka? Kwa desturi ya watu wa mlimani pande za Chaka, binti wa kwanza hurithi jina la mama wa baba yake, na pamoja na jina hurithi heshima. Kwa hiyo Wachuka alikuwa mama wa Kahiga. Tangu alipozaliwa shujaa alimwita "mama", akampisha penye joto karibu na moto, na hakuwahi kumkaripia. Sasa mwambie mwanamume amshike mama yake pua, ambane taya, amsukumie kitu kichungu kooni! Mikono iliyokunja mabati haikuthubutu. Naye Wachuka, aliyekuwa na umri wa miaka mitano na akili ya hakimu, alilijua hilo vizuri sana. Siku moja alikificha kidonge shavuni, akaimba wimbo mzima wa kanisani bila kukosea, kisha akakitemea kuku nje ya mlango.

Kahiga akapiga goti kwenye sakafu ya udongo. "Ewe mama yangu, nguzo ya boma hili, uliyeshinda homa na kikohozi! Mwanao anakusihi kwa mikono miwili. Funua kinywa chako, umpokee mgeni huyu mdogo, nyumba ipone."

"Sitaki," ikajibu nguzo ya boma.

Gathoni, mkewe, alikuwa anafunga kitambaa kichwani, tayari kwenda kukamua. "Endelea na hotuba. Ati mtoto anaombwa ameze dawa kama mtu anaombwa kura."

Ndipo Kahiga akaingia kibandani pake pa kazi, akafunga mlango, na kwa siku kadhaa wapita njia walisikia mlio wa nyundo kama vile mlima unabomolewa. Alitoka na kuku. Alikuwa kuku wa bati, aliyekatwa kwenye debe la mafuta ya kupikia, mwenye upanga wa kichwani wa rangi nyekundu, macho ya vifungo vya koti, na tumbo lenye kilango cha siri. Ukimvuta mkia hulia kwe-kwe-kwe kwa kipande cha mpira kilichomo shingoni, kisha hutaga kidonge kwenye kiota cha bati.

Wachuka alipomwona alipiga yowe la furaha. Alivuta mkia, yai likadondoka, akalichukua kwa vidole viwili, akakimbia nalo chumbani, akarudi mikono mitupu. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Hakuna machozi wala kutema. Kahiga akaenda hoteli ya Wamae, akaagiza chai na mandazi, akawatangazia waliokuwemo kuwa vita vimekwisha, adui ametekwa, na kwamba hata hospitali kubwa zitakuja kumwomba mchoro. Sifa hizo alizitoa mwenyewe, na kwa sauti ya kutosha kituo kizima cha biashara.

Anguko lake lilikuja kwa ufagio. Gathoni alikuwa anafagia chini ya kitanda cha mtoto alipogonga kitu. Akakivuta. Lilikuwa sweta kuukuu lililojazwa majani makavu, na katikati yake vidonge, vyeupe, vimepangwa vizuri, kuku wa bati amekalishwa juu yake.

"Usiguse!" Wachuka alipiga kelele. "Kuku yangu inalalia! Ukiishtua itaacha mayai!"

"Mami, hii ni dawa. Mbona hukukula?" akauliza Gathoni.

"Si ni wewe ulisema mayai ya kuku inalalia haikuliwi? Ulinichapa."

Na kweli Gathoni alikuwa amesema hivyo. Msimu ule alikuwa na kuku wake aliyeatamia, na mtoto alikuwa amefunzwa sheria ya boma kwa kibao kimoja cha mkononi. Gathoni akaketi kitandani, kicheko na kilio vikigombania uso wake. "Baba Wachuka," akasema mwishowe, "kuja uone vifaranga vyako."

Kahiga alikuja, akaona. Mtoto alikohoa, kikohozi kidogo tu, na baba yake akatoka nje kwa sababu hakutaka machozi yake yaonekane. Alisimama penye upepo wa tambarare ya Kieni akijilaumu. Kati ya wanyama wote, alikuwa amechagua yule ambaye anachokitoa huwekwa. Kilichotakiwa ni mnyama ambaye anachokitoa hunywewa papo hapo, kingali na joto.

Nyundo ikalia tena. Safari hii alitoka ng'ombe wa bati, mweusi na mweupe kama wale wa gredi, ng'ombe wa kizungu wa maziwa, wa pale jirani, mwenye pembe za waya na chuchu moja iliyokuwa bomba la taa ya mafuta lisilowahi kutumika. Kidonge hulala mgongoni, maziwa ya moto hulala tumboni. Vuta mkia, kidonge kinaanguka kikombeni. Pinda chuchu, maziwa yanakifuata.

Asubuhi ilipofika Wachuka alichuchumaa, akamkamua ng'ombe wake kwa heshima zote, ulimi nje kwa bidii. Kikombe kikajaa. Kahiga akashika pumzi. Na mtoto akainuka, akakibeba kikombe kwa mikono miwili, akakipeleka moja kwa moja mbele ya baba yake.

"Shika, mwanangu. Kunywa ushibe."

Enyi mlio na mama, mnaona mtego huo? Akikataa, amemkataa mama yake aliyemkamulia. Akinywa, kidonge cha siku kimekwenda kwenye tumbo lisilokihitaji. Gathoni mlangoni alifumba macho. Majenerali wamepoteza majeshi kwa kufikiri polepole kuliko hapo.

"Mama," akasema Kahiga, sauti yake ikiwa ndogo sasa, "maziwa yanatoa moshi. Mama huonja kwanza, asimchome mtoto ulimi."

Wachuka alikitazama kikombe. Aliwaza. Kila siku alikuwa akimwona Gathoni akiuonja uji kabla ya kumpa. Akaonja. Akaonja tena, kwa sababu mama mwema hana haraka, na akaendelea kuonja mpaka kikombe kikasimama wima juu ya pua yake na koo dogo likapanda na kushuka.

"Sio moto," akatangaza, akafuta midomo kwa mkono. "Sasa kunywa."

Kahiga akapokea kikombe kitupu, akakiinua, akanywa yote. "Asante, mama," akasema, na machozi yakamshuka mbele ya watu wote wa nyumba hiyo, wala hakuyaficha. Gathoni alimfungua mtoto kinywa, akachungulia chini ya ulimi na nyuma ya mashavu, na hakupata kitu.

Tangu siku hiyo kila asubuhi mama alionja na mwana alikunywa hewa. Mwezi wa pili ulipoisha, Sista Tryphosa alimweka Wachuka kwenye mizani, akainama, akasoma, akasoma tena, kisha akasema, "Haya. Mpelekeni nyumbani."

Basi wanaoandika mambo makubwa na waandike vita vyao na mikataba yao. Nafasi ikibaki, hata pembeni, waongeze kwamba pale Chaka, asubuhi ya baridi, bila pua kushikwa wala taya kubanwa, Wachuka alimeza.