Siku ya Kufungua Ghala la Soko la Dunia

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, mheshimiwa makamu wa kamati ya kuiandaa kamati ya maandalizi, wataalamu mliokuja na gari langu, madalali, wenye mashine za kusaga, akina mama mliokaa chini, akina baba mliosimama kwa sababu viti vimeisha, na mimi mwenyewe, mgeni rasmi, ambaye bila mimi msingekuwa na mtu wa kumsubiri tangu asubuhi: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu anapiga miayo.)

Ndugu zangu, juzi nimetoka semina ya biashara ya kilimo ya kimataifa, siku tisa, na nimekuja na siri moja: dunia ni soko. Mahindi yako wewe shangazi hapo, na mahindi ya mwenye trekta ng'ambo ya bahari, yanakutana kwenye kitu kinaitwa saplai cheni. Hata kabla ya semina, msimu uliopita niliwaambia ng'oeni maharage, pandeni mahindi, bei ya nje imepanda asilimia sitini na mbili nukta nne. Mkang'oa. (Makofi ya wataalamu.) Mlipovuna tukafunga mpaka ili chakula kisitoke, tukafungua bandari ili chakula kiingie, na mahindi ya nje yakaja kwa bei ya kutupa, wenye mashine wakajaza stoo zao wakawafungia nyinyi geti. Huo ndio uhakika wa chakula: kilikuwa kingi mpaka mkulima akakosa pa kukiweka! (Vicheko. Mgeni rasmi anatabasamu, anadhani anasifiwa.)

"Mheshimiwa, na mboga tunakula nini, maharage si tuling'oa?"

Swali zuri, litajibiwa kwa maandishi.

Sasa mwezi huu ile nchi inayotuuzia imegoma kuuza, inasema watu wake kwanza. Meli haziji. Mjini unga umepanda mara mbili na foleni inazunguka duka. Wengine wanahangaika, lakini mimi nina strateji: ghala! Tani elfu kumi, lenye mashine ya kupima unyevu, mahindi yenu yalale humo yakisubiri bei ya dunia iamke. Ndiyo maana niliwakataza kumuuzia dalali. Na Mama Magunia, mjane wa fundi baiskeli, alinisikia, akamkatalia dalali mara tatu, leo ameleta magunia arobaini, mavuno yake yote, yale pale chini ya turubai. Simama mama, tukuone! (Anasimama. Anaangalia mawingu.)

"Samahani baba, mvua hiyo inakuja. Tuingize kwanza, utaongea baadaye."

(Sauti: "Mwambie!")

Tulia mama yangu, kwanza utepe. (Anakata utepe kwenye mlango wa chuma. Kulia na kushoto kwa mlango kuna kuta nyeupe, ndefu, safi.) Haya, shika ufunguo, fungua mwenyewe uingie kwenye historia.

(Mama anafungua kufuli. Mlango unafunguka. Kwa ndani kuna kiwanja kitupu, na mbuzi anakula nyasi. Upepo unavuma, kuta zinapepea.)

"Baba, ghala liko wapi?"

Swali la kitaalamu kabisa! Ghala lipo kwenye awamu. Awamu ya kwanza ni mlango, na mmeuona, hata haulii.

(Matone ya kwanza. Dalali anamsogelea mama: "Nayachukua, nusu ya bei ya juzi." "Mbona nusu?" "Juzi kulikuwa kukavu, mama.")

Mmesikia? Soko huria hilo, limewafuata mpaka mlangoni! (Hakuna makofi.) Nikisema mahindi, semeni dunia! Mahindi! (Akina mama wanajifunika kanga vichwani.) Ghala! (Mbuzi analia.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchoraji wetu, ambaye kwa siku mbili, kwa vitambaa na ndoo nne za rangi, amelisimamisha ghala lililowashinda wakandarasi watano kwa miaka sita. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Na nyinyi vijana, fanyeni haraka, rangi bado mbichi na Jumanne tunakwenda kulifungua ghala hili hili wilaya ya jirani: toeni lile turubai kwenye magunia ya mama, mlifunike ghala, lisilowe.