Filimbi ya Mtoni

Leo nimeumbuka. Naandika mwenyewe kabla binamu yangu Bakari hajapanda basi la kuja huko Newala, maana yule akisimulia anatia chumvi gunia zima. Nyie rafiki zangu, bora mnicheke kwa ukweli.

Mnajua nipo timu ya baiskeli ya kiwanda cha nguo hapa Ubungo. Kwenye karatasi mie ni mfanyakazi wa mashine za kufuma. Kwa vitendo sigusi uzi. Asubuhi tunasaini, tunachukua baiskeli, tunakanyaga mpaka Bunju na kurudi, tunakula maharage ya kantini, tunalala. (Msimwambie baba. Anadhani najenga taifa.)

Shida ni kwamba msimu huu hatukushinda kitu. Shindano la kwanza, cheni ya nahodha ilikatika. La pili tuligongana sie kwa sie, timu nzima, kwenye kona ambayo hata bibi harusi angeipita bila kushikwa mkono. Yaliyofuata sisemi. Ijumaa meneja wa kiwanda akatuita ofisini, hakutukaribisha hata kukaa.

"Jumapili ndiyo shindano la mwisho," akasema. "Asipoingia hata mmoja wenu kwenye watatu wa kwanza, baiskeli nawapa matarishi wapelekee barua. Nyie mnarudi kwenye mashine."

Kwenye mashine, jamani. Nilifanya miezi minane mle ndani kabla ya kuchaguliwa timu. Kelele zake, mtu amekuegemea bega na humsikii. Vumbi la pamba linakaa kooni mpaka unalala nalo, na kile kikohozi changu mnakikumbuka, mama alishaanza kuulizia dawa za kifua kikuu. Niliogopa kweli.

Basi leo ikafika. Mbio zilipangwa kuanza saa nane mchana, kwa sababu Jumapili ikishapiga saa nane magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani, mafuta ya nchi hayatoshi. Barabara inabaki nyeupe. Saa nane tukawa tumejipanga pale Ubungo. Mgeni rasmi akafika saa tisa na nusu. Akahutubia. Alianza na pamba, akaenda kwenye ujinga, umaskini na maradhi, akarudi kwenye pamba. Sie tumesimama juani tunapiga makofi kila akipumua, tukidhani amemaliza.

Fundi wetu wa baiskeli, Mzee Mwinyi, alikuwa anapapasa tairi langu.

"Shikamoo, mzee. Leo tutafika?"

"Marahaba. Sikiliza, Rashidi. Kaa nyuma ya watu mpaka mkigeuka Bunju, mpaka mrudi tena hapa Ubungo. Mkifika hapa, toka. Kanyaga mpaka Mtoni, kwenye utepe. Usigeuke nyuma, na usifikiri. Wewe ukianza kufikiri unaharibu."

(Ananifahamu.)

Nikafanya alivyosema. Kwenda Bunju nilijificha nyuma ya jamaa mmoja wa timu ya bandari, mgongo mpana kama mlango wa ghala, upepo haukunigusa. Kurudi hivyo hivyo. Tulipofika Ubungo nikachomoka. Nilikanyaga mpaka nikaona nyota mchana. Wenzangu wa timu walishaachwa huko nyuma, mmoja anatembea anaikokota baiskeli, kwa hiyo nilijua kabisa kwamba nimebaki mie tu. Na mbele yangu hakuna mtu. Nasema hakuna mtu, jamani, mie Rashidi niko peke yangu mbele, akina mama wanatoka vibarazani kunishangilia.

Hapo ndipo nikaanza kufikiri. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mgeni rasmi.

Nikaingia Mtoni. Utepe nauona, jukwaa naliona, mgeni rasmi, meneja na Mzee Mwinyi wameshatangulia kwa gari, mwendo wa nguzo tatu tu za simu. Kulia kwangu kuna kituo kidogo cha polisi na mlingoti wake wa bendera. Mara nasikia filimbi. Prrrrii.

Sasa huko kwenu sijui, lakini hapa mjini, jioni bendera ikishushwa askari anapiga filimbi, na kila aliye karibu anasimama wima. Mwenye ndoo kichwani anasimama. Anayemfukuza kuku anasimama, na kuku anapata nafuu. Unakaa hivyo mpaka filimbi ya pili ndiyo unaendelea na safari yako. Ukitembea unaitwa pembeni unaulizwa wewe ni raia wa wapi. Mwili wangu umeshazoea, hauniulizi. Nilijikuta nimefunga breki, nimeshuka, nimesimama wima kama askari wa gwaride, mikono imenyooka, baiskeli nimeiegemeza pajani.

Kundi zima likaja nyuma yangu kwa kasi. Wakaniona. Nao wakafunga breki. Mmoja akaanguka, akainuka goti linatoka damu, akasimama wima. Yule wa bandari alijaribu kujivuta kidogo kidogo kwa ncha ya kiatu, mwenzake akamwambia kwa pembe ya mdomo, "Tulia wewe, unataka kutuponza?" Watu wa pembeni nao wakasimama. Kelele zote zikaisha. Nikamwona askari anatoka mbio ndani ya kituo, anafunga kifungo cha shati, akadhani mwenzake amemtangulia kushusha. Akapiga saluti.

Tukasubiri filimbi ya pili. Haikuja. Hapo tena nani atathubutu kuondoka? Jasho linaniingia machoni na siwezi kulifuta.

Askari ndiye aliyeinua macho. Bendera iko juu kabisa, inapepea. Akatazama saa yake.

"Bado dakika kumi na tano," akasema. "Nani kapiga filimbi?"

Kule kwenye utepe mwamuzi wa mbio akanyoosha mkono taratibu. "Mie, afande. Kulikuwa na mbuzi kwenye utepe."

Mbuzi alikuwepo kweli. Anatafuna.

Watu wakarukia baiskeli zao. Miguu yangu ilikuwa imeshakuwa magogo, pedali nimeikosa mara mbili. Nimemaliza wa tano. Wa tano, jamani, mie niliyekuwa wa kwanza na barabara nzima yangu. Nilimwona meneja anahesabu kwa vidole, akafika kidole cha tatu akaacha, akaanza kuitazama baiskeli yangu kama mtu anayepima itamfaa tarishi gani. Nilikaa chini. Koo likaanza kuniwasha hapo hapo, na vumbi la pamba halipo.

Mara mgeni rasmi akasimama jukwaani. Nikasema sasa tunarudi kwenye pamba.

"Ndugu wananchi," akasema, "mmemwona kijana huyu? Alikuwa mshindi. Akaacha ushindi kwa heshima ya bendera yake. Hajali kama ni saa yake au si saa yake!" Watu wakapiga makofi. Mwamuzi alifungua mdomo kusema habari ya mbuzi, Mzee Mwinyi akamkanyaga kiatu. "Timu yenye vijana kama hawa," mgeni rasmi akaendelea, "natumaini kiwanda kitailea. Meneja upo?"

"Nipo, mheshimiwa," meneja akasema, na akapiga makofi kuliko wote. "Msimu ujao ipo. Tena tutaiongezea matairi."

Sijui niwaelezeje. Nilihisi kama mtu amenitoa mfuko wa saruji mgongoni. Nikapewa soda ya baridi. Mzee Mwinyi akanikumbatia, na yule mzee hakumbatii mtu. Ningekwenda nyumbani muda ule, barua hii ingekuwa fupi na ya heshima.

Prrrrii.

Watu wote wakasimama wima. Mie nikacheka. "Mbuzi karudi huyo," nikasema, kwa sauti, nikapiga funda la soda. Nikakatiza mbele ya meneja kuifuata baiskeli yangu. Nikamgonga Mzee Mwinyi begani, "Twende mzee, si ni mbuzi tu." Hasogei. Macho yamemtoka. Nikatazama utepe: hata mbuzi mwenyewe alikuwa amesimama. (Naapa.) Ndipo nikatazama mlingoti. Bendera inashuka polepole, askari anavuta kamba, na macho yake yako kwangu.

Kilichoniokoa ni kitu kimoja. Mgeni rasmi alikuwa ameielekea bendera, kofia kifuani, mgongo kwangu, na kwa heshima hawezi kugeuka. Watu zaidi ya mia wameniona na hakuna anayeruhusiwa hata kutikisika. Filimbi ya pili ilipolia akageuka, akanikuta wima, chupa ya soda nimeibana pajani.

"Mnaona?" akasema. "Tena huyu huyu." Akaingia kwenye gari lake, akaenda.

Meneja akanisogelea. Nilidhani ananipiga. "Rashidi," akasema, "timu imebaki, siwezi kumpinga mheshimiwa. Ila kuanzia leo ukisikia filimbi yoyote, uniangalie mimi kwanza."

Na askari akaniita kwa upole sana. "Kijana wa mfano, hebu njoo huku nyuma ya kituo mara moja."

Nimeruka kichura kuzunguka kituo kile mpaka askari mwenyewe akachoka kuhesabu. Kesho wafanyakazi wengine wanaingia kwenye vumbi la mashine, sie wa timu tunapanda baiskeli kwenda Bunju, na nimefurahi mpaka nimelia kidogo. Mapaja tu ndiyo hayakunjiki. Mtu akiwaulizeni, semeni ni ya mbio.