Ombi la Kuahirisha Joto la Ng'ombe Hadi Faili Ifunguke

Kapkatet,
Jumanne, baada ya kukamua.

Kwa Bi. Priscah Chelimo,
Mwenyekiti, Kikundi cha Wafugaji wa Maziwa.

Mwenyekiti wangu mpendwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu, mwalimu wako wa darasa la saba, ambaye leo ni mwanachama wako wa kawaida mwenye ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo, Chesamo, ameshikwa na joto tangu alfajiri. Analia, amekataa majani, na amejaribu kumpanda punda wetu wa kubeba maji, mnyama mpole asiyestahili jambo kama hilo. Joto likipita bila kupata mbegu, nitangoja wiki tatu. Ameshakosa mara mbili, na mke wangu Rodah amesema akikosa tena atakwenda kwa mchinjaji. Rodah hasemi kitu mara mbili. Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo:

1. Majina ya ng'ombe wetu wote, mama zao na mafahali waliowazaa yamo ndani ya faili moja katika kompyuta ya ofisi. Kanuni yetu, ambayo niliipigia kura kwa mikono yote miwili, inamkataza Kipkoech, daktari wetu wa kupandikiza mbegu, kumhudumia ng'ombe yeyote kabla faili haijaonyesha kwamba mbegu hiyo si ya baba yake. Sasa faili haifunguki. Karani wetu Phelix akiibonyeza, kompyuta inajibu kwamba inatumiwa na mtu mwingine. Ofisini yumo Phelix peke yake.

2. Nilikwenda mwenyewe kuchunguza. Phelix akaniambia, "Mwalimu, hii kitu nimezima, nimewasha, nimeiombea. Imekataa tu." Tukaketi tukaitazama pole pole. Tatizo ni jepesi, acha nikueleze. Faili ya aina hii ikifunguliwa huweka kando yake kijifaili kidogo, mfano wa viatu vya gambuti vilivyoachwa mlangoni, kuonyesha kuna mtu ndani. Stima ilipopotea wakati wa mvua ya mawe, aliyekuwa ndani alitoka bila gambuti zake. Ndani hamna mtu, lakini sisi sote tumesimama nje tukingoja kwa adabu. Dawa ni kunakili faili kwa usalama, kisha kukifuta kile kijifaili. Phelix alifurahi mno. Halafu akanionyesha tangazo ukutani, lenye sahihi yako.

3. Tangazo linasema hakuna mtu atakayefuta chochote katika kompyuta bila idhini ya kamati nzima. Naliunga mkono. Ila kamati huitwa kwa barua zenye namba ya uanachama ya kila mjumbe, na namba hizo, Mwenyekiti, zimo ndani ya faili. Ulikuwa hodari wa hesabu. Nakuachia swali hilo.

4. Kipkoech alipita hapa kwa pikipiki. Nikamsimamisha. "Mzee, mbegu ninayo hapa, baridi kabisa," akasema, "lakini mimi sitaki kesi." Akaondoka. Chesamo alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

5. Nimelipima jambo hili kila upande. Kanuni haivunjwi na faili haiguswi. Upande pekee unaoweza kulegezwa ni wa ng'ombe. Kwa hiyo naomba ofisi itoe tangazo la pili, la kuwazuia ng'ombe wote wasishikwe na joto hadi faili ifunguke. Lisomwe kanisani, na pia kwenye kituo cha kuuzia majani chai kwa faida ya wasiosali. Ng'ombe atakayekaidi apewe onyo la maandishi mbele ya mfugaji wake. Mafahali nao wajulishwe, wasije wakadhaniwa wamezembea. Chesamo aandikiwe barua yake binafsi. Nitamsomea mwenyewe, kwa sauti na kwa upole.

Nisalimie mumeo na watoto, Phelix, kamati yote popote ilipo, na yule mtu anayetumia faili yetu, kama yupo.

Ni mimi mwalimu wako, anayekuombea na kukungoja,

Ezekiel arap Bett

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, Chesamo amepasua ua na kushuka kwa jirani yangu Obiero, yule fundi wa kiwanda cha chai, mwenye fahali wa nundu aliyemnunua soko la Siongiroi bila karatasi yoyote. Nilipofika na kamba, shughuli ilikuwa imekwisha. Nimemkagua fahali huyo kutoka kwato hadi nundu, na nathibitisha kwamba si baba yake Chesamo. Nalo ndilo jambo pekee tulilotaka faili ituambie. Basi tangazo la pili usilitoe, na faili iache ilivyo, maana ikifunguka itabidi jina la baba wa ndama liandikwe. Rodah ameghairi habari ya mchinjaji. Obiero ananiita mkwe kwa sauti kubwa, mbele ya wachuma chai wote, nami nimejikuta nikiitika.