Sukari ya Mheshimiwa

Jumatatu, 6 Mei

Mke wangu kaondoka alfajiri kwenda kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Kaniachia nyumba, duka la pampu lililo mbele ya nyumba, na paka mwenye kisukari. Kwa mpangilio wa wasiwasi wake: paka, nyumba, duka. Mimi simo.

Paka tunamwita Mheshimiwa, kwa kitambi chake na namna anavyosubiri kufunguliwa mlango. Kitambi sasa kimekwisha. Alianza kunywa maji kama anazima moto tumboni, akawa anakojoa ziwa zima, anakula kwa pupa na bado anakonda. Miguu ya nyuma nayo ikalegea. Anatembea kwa visigino kama mstaafu aliyevaa ndara. Daktari wa mifugo akatoa hukumu: sukari. Nilicheka. Paka hajawahi kunywa chai maishani mwake! Daktari hakucheka. Chakula cha kopo asubuhi na jioni, na kila mlo yuniti mbili za insulini chini ya ngozi. Dozi isiguswe bila yeye kuambiwa. Alirudia hilo huku akinitazama mimi, sijui kwa nini.

Yuniti mbili! Leo nimezivuta mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nikainua sindano dirishani. Haijazi hata jicho la sisimizi. Mimi nafunga pampu zinazopandisha maji ghorofa ya saba. Na huyu mnyama mzima anaendeshwa na hiki kitone? Nilisimama pale mpaka akanikumbusha kwa kucha kwamba chakula kinapoa.

Sharti la mke wangu: anarudi Jumapili. Akikuta namba mbaya, Mheshimiwa anahamia moja kwa moja kwa mdogo wake, yaani shemeji yangu, msusi wa mtaa wa pili. Eti shemeji ana mikono mitulivu. Mimi niliyeanza na spana ya kuazima, leo nina duka la milango miwili, naambiwa sina mikono mitulivu!

Mheshimiwa hulala kaunta, ubavuni mwangu, siku nzima. Ndiye pekee katika familia hii anayesikiliza malalamiko yangu hadi mwisho. Haendi kokote.

Jumanne, 7 Mei

Kupima. Unatoboa ukingo wa sikio, unapata tone la damu, mashine inalinywa na kukupa namba. Daktari anataka namba zicheze kati ya tano na kumi na tano.

Kumkamata kulichukua muda. Nilivaa glavu za kuchomelea. Alipita chini ya kabati, juu ya kabati, nyuma ya friji, ndani ya boksi la valvu. Nikamnasa kwa taulo. Namba: 26.4.

Nikakosa raha. Shemeji akaingia bila hodi, kama kawaida yake, akakuta kabati limeegemea ukuta na mimi nimeegemea kabati. Akauliza kama tumevamiwa. Akakaa sakafuni, akaimba kitu puani, akampapasa paka shavuni huku akimsimulia habari za wateja wake wenye vichwa vigumu. Baada ya muda mrefu wa kunipotezea muda, akamtoboa sikio. Mheshimiwa hata hakupepesa. Namba: 15.1.

Nikasema mashine imeharibika. Akasema, shemeji, wewe unamkamata mgonjwa kama mwizi wa kuku, halafu unashangaa moyo wake ukipiga ngoma? Paka akiogopa, sukari inapanda yenyewe.

Nilimpigia daktari ili amkanushe. Akamuunga mkono.

Nimekaa nikilifikiria jambo hili jioni nzima. Hofu ni sukari! Unamtisha kiumbe, na mwili wake unachemsha sharubati kutoka kusikojulikana, bila bomba, bila tangi, bila swichi. Miaka yote hii nauza mashine, sijaona inayofanana na hii.

Ila bado naamini shemeji alifanya ujanja na lile tone.

Jumatano, 8 Mei

Shemeji kasahau aproni yake ya saluni. Mungu hamtupi mja wake. Nikaivaa. Inanuka mafuta ya nywele. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikakaa sakafuni, nikaimba puani kwa sauti nyembamba.

Mheshimiwa alinitazama kwa muda mrefu. Sidhani kama alidanganyika. Nadhani alikuwa amepigwa na butwaa, na butwaa haina sukari. Akaja. Akalala. Nikatoboa. 13.8!

Hapohapo mteja wa pampu ya kisima akachungulia mlango wa nyuma akimtafuta mwenye duka. Nikamjibu kwa sauti ileile nyembamba, maana paka alikuwa bado anasikiliza, kwamba mwenye duka katoka kidogo. Akanishukuru, akaniita dada, akaondoka. Pampu kaenda kununua kwingine.

Sikujali. Nilikuwa na sikio la Mheshimiwa kiganjani, jembamba kiasi kwamba mwanga wa dirisha ulipita ndani yake, na vimishipa vyake vinaonekana kama ramani ya maji ya mji mzima. Fundi gani aliichora?

Alhamisi, 9 Mei

Mke wangu kapiga simu. Nikampa 13.8 kwa majivuno. Akasema vizuri, ila mdogo wake angepata 10. Na kwamba kikapu cha kumsafirishia Mheshimiwa kiko juu ya kabati, nikifute vumbi kabisa.

Nikifute vumbi!

Nimekaa chini na hesabu. Jana asubuhi, kabla ya sindano, 20; baadaye ile 13.8, tuseme 14. Yuniti mbili zimeshusha sita. Yaani kila yuniti inashusha tatu. Sasa, kutoka 20 kufika 8, namba ya kumnyamazisha mke, mdogo mtu na ukoo wao wote, zinahitajika yuniti nne. Hii ni hesabu ya darasa la nne. Tangi likijaa kupita kiasi unafungulia bomba zaidi. Daktari kasoma miaka mingi, lakini hajawahi kumaliza foleni ya wateja kwa kugawanya na kuzidisha kichwani.

Sikumpigia. Angenichelewesha na maneno. Kesho asubuhi.

Ijumaa, 10 Mei

 

Saa moja asubuhi nilimwekea chakula. Akanusa, akala kidogo, akaacha. Nikasema atamalizia baadaye, waheshimiwa wana nafasi zao. Nikamchoma nne.

Saa sita hivi, nikiwa kaunta, nilimwona akishuka. Alitua vibaya. Akasimama, akayumba kama mlevi, akajigonga mguu wa meza. Akanitazama bila kuniona. Halafu akalala ubavu, miguu ikichezacheza.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini; wateja wawili wamekimbia. Nikampigia shemeji. Hakuuliza hata swali. Akaniambia asali, kwenye ufizi, sasa hivi, kwa kidole, usimmiminie kooni asije akapaliwa, nakuja. Alifika na kitana kimechomekwa kichwani na mteja wake nyuma, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama.

Nilikuwa nimepiga magoti na kidole kina asali. Mashine ikasoma 1.9. Sijawahi kuona namba ndogo hivyo. Nilitaka iwe nane, si hii! Kifua chake kilipanda, kikakaa, kikashuka. Nikawa nasubiri kila pumzi kama mtu asiye na haki ya kuidai. Nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu mwenye miguu miwili. Yule mwanamke wa nywele nusu alisikia yote, na akaanza kulia.

Tukaendelea kumpaka. Kisha ncha ya mkia ikatikisika. Ulimi ukatoka, ukalamba asali kwenye ukucha wangu. Macho yakaanza kuona, polepole, kutoka mbali sana, kama maji yanavyopanda kwenye bomba refu: husikii kitu, husikii kitu, halafu unaisikia pumzi ya hewa ikisukumwa, halafu yamefika. Akaniona. Akanipiga kofi.

Sijawahi kupigwa kofi tamu kama lile.

Tulimkimbiza kwa daktari. Wamemlaza mpaka kesho. Daktari kauliza nani aliongeza dozi. Nikasema hesabu. Akauliza hesabu ya nani. Shemeji akatazama dari.

Jumamosi, 11 Mei

Karudi nyumbani, yuniti mbili kama zamani, na kipara sehemu waliyomnyoa kumwekea dripu. Kaunta bila yeye asubuhi ilikuwa pana kama uwanja wa mpira.

Nimemsihi shemeji asimwambie dada yake. Nimemwahidi pampu mpya ya saluni, na kufungiwa bure. Kasema atafikiri.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu kaingia saa kumi jioni. Shemeji alikuwa anamsubiri getini. Kumbe kufikiri kwake kulikuwa huko.

Kesi ilisikilizwa sebuleni. Shemeji alieleza yote: glavu, aproni, nne. Mke wangu hakufoka, ambalo ni jambo baya zaidi. Alishusha kikapu, akakifungua, akamtafuta paka. Nikasema achukuliwe tu. Kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nimemwona siku ya Ijumaa, na sikuwa na neno la kujitetea.

Ikagonga saa moja. Mheshimiwa akatoka chini ya kochi. Akakipita kikapu, akampita mke wangu, akampita hata shemeji na mikono yake mitulivu. Akaja mpaka miguuni pangu, akaketi, akanigeuzia mgongo. Tayari kwa sindano. Mimi! Baada ya yote!

  Kiumbe wa kilo nne anakukabidhi uhai wake kwa mara ya pili, na hata hageuki kukuangalia.

Mke wangu akasema paka anafuata chakula tu. Lakini alisema kwa sauti ndogo, na kikapu akakirudisha juu ya kabati.

Hukumu: Mheshimiwa anabaki. Shemeji kapewa ufunguo wa nyumba. Atakuja asubuhi na jioni kuvuta dawa na kumchoma. Mimi ni mshika bakuli. Niliyeanza na spana ya kuazima!

Nimeshika bakuli. Amekula yote. Usiku huu mashine inasema 8.2. Nane! Namba niliyoitabiri mimi, tangu Alhamisi, kwa kichwa changu. Nimeikagua tena ile hesabu, mstari kwa mstari. Haina kosa hata moja. Aliyekosea ni paka.